Takwimu na maana kwenye tafsiri ya mashine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nimeyakusanya kwa sababu yanarudi kila mara, mengine kutoka kwa watu wa kompyuta ambao isimu hawajaigusa, mengine kutoka kwa walimu wa lugha na wafasiri ambao hesabu zinawatisha. Nimeyapa namba ili jibu moja likitegemea lingine nikuelekeze huko badala ya kurudia. Mifano mingi ni ya Kiswahili kwa makusudi, maana maelezo mengi yaliyopo yameandikwa kwa mifano ya Kiingereza na Kifaransa na yanaacha nje yale yanayotuumiza kichwa sisi.

## Mambo ya mwanzo

1. Tafsiri ya mashine kwa takwimu ni kitu gani?

Ni kuipa kompyuta rundo la sentensi ambazo binadamu walishazitafsiri, kila sentensi na mwenzake wa lugha ya pili, halafu kuiacha ihesabu yenyewe nini huwa kinaandamana na nini. Hakuna anayekaa kuiandikia kanuni kwamba ukikuta neno hili weka lile. Ikishahesabu vya kutosha, unaipa sentensi mpya nayo inatafuta tafsiri yenye uwezekano mkubwa kuliko zingine. Rundo hilo la sentensi za pande mbili tunaliita matini sambamba, au kopasi sambamba, na ndo chakula cha mashine.

2. Na uchanganuzi wa maana je?

Hapo unajaribu kujua sentensi inasema nini kabla ya kuitafsiri, au wakati unaitafsiri: neno lenye maana tatu limetumika kwa maana ipi, nani katenda na nani katendewa, "yeye" ni nani kati ya watu wawili waliotajwa juu, maneno mawili yaliyokaa pamoja ni nahau au yanasimama kila moja kivyake. Watu wanazoea kuziona hizi kama kambi mbili zinazogombana, wahesabu huku na watu wa maana kule, lakini kama utakavyoona mbele (hasa swali la 9 na la 12) njia bora zaidi za kuipata maana zilizopo ni za kuhesabu.

3. Kwani kamusi haitoshi? Si ni kubadilisha neno kwa neno tu?

Haitoshi, na mfano mmoja mfupi unamaliza kazi: "Amepanda mti." Kapanda juu ya mti, au kachimba shimo kaotesha mti? Kamusi itakupa maana zote mbili na kukuacha hapo hapo. Ikiendelea "akachuma maembe" ushajua, ikiendelea "akaumwagilia maji" ushajua pia. Kwa hiyo jibu haliko ndani ya neno, liko kwa majirani zake, na majirani wanahesabika.

Na hapo hata hatujagusa mpangilio wa maneno, wala maneno kama "hawajaniandikia" ambayo kwa Kiingereza yanageuka maneno saba (swali la 8).

4. Haya mambo yameanza lini?

Mwaka 1949 Warren Weaver, mwanahisabati Mmarekani, aliandika waraka akipendekeza kompyuta zitumike kutafsiri, akiichukulia lugha ngeni kama ujumbe uliofichwa kwa msimbo. Ndani ya waraka huo huo kuna kitu ambacho naona watu wanakipita haraka mno: alisema neno moja ukiliona peke yake huwezi kujua maana yake, ila ukiruhusiwa kuona maneno kadhaa kushoto na kulia utaijua, swali likabaki ni mangapi. Yaani wazo la takwimu na wazo la maana yalizaliwa kwenye karatasi moja.

Januari 1954 chuo kikuu cha Georgetown na kampuni ya IBM walionyesha mashine iliyotafsiri sentensi zaidi ya 60 za Kirusi kwa msamiati wa maneno 250 na kanuni 6. Matumaini yakapanda sana. Mwaka 1960 Yehoshua Bar-Hillel akaonyesha kwa sentensi moja ndogo, "The box was in the pen", kwamba mashine haitajua "pen" hapo ni kizimba cha mtoto kuchezea na siyo kalamu, kwa sababu inabidi ijue sanduku haliingii ndani ya kalamu. Mwaka 1966 ripoti ya kamati ya ALPAC huko Marekani ikasema kazi ya mashine ni ya polepole, ina makosa na gharama yake ni kubwa kuliko ya binadamu, na fedha za utafiti zikakauka kwa miaka mingi. Takwimu zilirudi kwa nguvu mwishoni mwa miaka ya 1980 pale IBM, walipochukua kumbukumbu za bunge la Kanada zinazoandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa wakazihesabu. Makala yao kubwa ya 1993 ilitumia jozi za sentensi zaidi ya milioni 1.7.

## Hesabu zenyewe

5. Mashine inajuaje neno lipi ni tafsiri ya lipi wakati hakuna aliyeiambia?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote, chukua karatasi tufanye pamoja. Tuseme una jozi mbili tu: "nyumba kubwa" na "big house", halafu "nyumba mpya" na "new house". Mashine haijui chochote, kwa hiyo inaanza kwa kugawa sawa, "nyumba" inaweza kuwa "big", "house" au "new", kila moja 0.33.

Sasa inapita kwenye data. Kwenye jozi ya kwanza "house" inagawana nusu kwa "nyumba" na nusu kwa "kubwa", "big" vivyo hivyo. Kwenye jozi ya pili "house" inagawana tena, nusu kwa "nyumba" na nusu kwa "mpya". Ukijumlisha, "nyumba" imekusanya nusu mbili za "house" lakini nusu moja tu ya "big" na nusu moja ya "new". Ukizigeuza kuwa uwezekano, "house" inapanda mpaka 0.50 na zile mbili zinashuka 0.25 kila moja. Rudia tena ukitumia hizo namba mpya na "house" inafika 0.60, "big" na "new" zinabaki na 0.20. Na kwa sababu "nyumba" imeanza kushikamana na "house", "kubwa" nayo inasukumwa kuelekea "big", iko 0.57 sasa. Endelea kurudia na zinazidi kuachana. Hakuna aliyefundisha kamusi hapa, ni kurudia kuhesabu tu mpaka namba zitulie.

Hiyo ni modeli, yaani utaratibu wa hesabu, ya kwanza kati ya tano za IBM, ile rahisi kabisa ambayo haijali hata mpangilio wa maneno. Zile nne zinaongeza vitu kama neno liko nafasi ya ngapi na neno moja linazaa maneno mangapi upande wa pili.

6. Kwa nini wanasema kuna modeli mbili ndani ya mashine moja?

Kwenye mfumo wa takwimu wa zamani moja inauliza "hii tafsiri inabeba yaliyomo kwenye sentensi ya asili?" na nyingine inauliza "hivi watu wanaongea hivi kweli?" Ya kwanza inajifunza kwenye matini sambamba, ambayo ni adimu. Ya pili inajifunza kwenye maandishi ya lugha moja tu, ambayo ni mengi. Unazidisha alama zao na inayopata kubwa inashinda. Kugawanya kazi hivo kulisaidia sana kwa sababu hata kama jozi ni chache, upande wa pili unaweza kushibishwa maandishi ya kawaida na ukaandika lugha inayosomeka.

Kuanzia 2003 hivi wakahama kutoka neno moja moja kwenda vipande vya maneno kadhaa, na hapo ubora ukaruka. Google Translate ilipozinduliwa 2006 ilikuwa ya takwimu za namna hii, Kiswahili kikaingia 2009.

7. Ikikutana na kitu ambacho haijawahi kukiona inakuwaje?

Hesabu ghafi itasema uwezekano ni sifuri, na sifuri ukizidisha na chochote ni sifuri, sentensi nzima inakufa. Dawa yake ni kulainisha: unawanyang'anya kidogo waliohesabiwa mara nyingi unawapa ambao hawajaonekana. Njia ya Kneser na Ney ya 1995 ndo iliyotumika zaidi. Usilichukulie hili kama tatizo la pembeni, maana kwenye maandishi ya lugha yoyote sehemu kubwa ya maneno tofauti hutokea mara moja au mbili tu.

8. Kwa nini Kiswahili kinazisumbua hizi mashine kuliko Kiingereza?

Kwa sababu neno letu moja ni sentensi. "Hawajaniandikia" lina ha, wa, ja, ni, andik, i, a, vipande saba. Mashine inayokata maneno kwenye nafasi tu italiona kama kitu kimoja kisichohusiana kabisa na "hawajatuandikia" wala "ameniandikia", kila moja ianze kujifunza upya kama jina geni. Kitenzi kimoja kinaweza kuwa na maumbo maelfu, na data yako haitawahi kuyaonyesha yote.

Suluhisho la kawaida siku hizi ni kukata maneno kuwa vipande vidogo kwa kuhesabu herufi zipi zinazoandamana mara nyingi, njia iliyoletwa kwenye tafsiri na Sennrich na wenzake mwaka 2016. Inasaidia, ila haijui mofolojia, yaani neno linavyojengwa kwa viambishi, inaweza kukata "hawajan" na "iandikia" na kiambishi cha mtendewa kikagawanyika katikati. Kama una kichanganuzi cha mofolojia kitumie kwanza. Pale Chuo Kikuu cha Helsinki Arvi Hurskainen alijenga SALAMA, mfumo wa Kiswahili wa kanuni unaofanya kazi hiyo, na kazi ya namna hiyo inastahili heshima zaidi ya inayopewa. Ukikosa, angalau jaribu saizi tofauti za msamiati wa vipande na uangalie kwa macho yako vinavyokatwa. Watu wengi hawaangalii kabisa, wanachukua namba iliyokuja na programu.

## Maana inaingia wapi

9. Mashine inachaguaje maana moja kati ya nyingi?

Kwa kuangalia majirani, yale maneno kadhaa ya kushoto na kulia ya Weaver kwenye swali la 4, ambayo tunayaita dirisha. "Shinda" ikiwa karibu na "mechi", "goli", "kombe" ni ushindi, ikiwa karibu na "nyumbani", "kutwa", "njaa" ni kupitisha siku. Unahesabu kwenye data kila jirani alitokea mara ngapi na kila maana, unajumlisha ushahidi, unachagua. Kuna njia ya zamani ya Lesk ya 1986 ambayo hata haihitaji data ya mafunzo, inalinganisha tu maelezo ya kamusi ya maana moja na maelezo ya maneno ya jirani na kuona yanagusana wapi.

Kitu kingine chenye faida kubwa: mwaka 1992 Gale, Church na Yarowsky walikuta kwamba ndani ya maandishi mamoja neno lenye maana nyingi hushikilia maana moja karibu kila mara, kama asilimia 98 kwenye kipimo chao. Kwa hiyo ukiwa na uhakika wa "kaa" mmoja kwenye ukurasa kwamba ni mnyama wa baharini, wale wengine wenye utata wape maana hiyo hiyo. Tahadhari tu kwamba maana zikiwa zinakaribiana sana hiyo kanuni inalegea.

10. Upatanisho wa ngeli unasaidia maana? Mbona hausemwi sana?

Unasaidia mno, na hausemwi kwa sababu wengi walioandika vitabu vya fani hii hawana ngeli kwenye lugha zao. Angalia: "paa linavuja" na "paa amekimbia". Huhitaji dirisha la maneno kumi, herufi mbili tatu za mwanzo wa kitenzi zimeshasema la kwanza ni la nyumba na la pili ni mnyama. "Ua limenyauka" ni la kwenye bustani, "ua umefagiliwa" ni wa nyuma ya nyumba. "Mbuzi huyu amevunjika" unamtafutia daktari wa mifugo, "mbuzi hii imevunjika" unatafuta nyingine ya kukunia nazi. "Kaa la moto" na "kaa mwenye magando", hata kiunganishi "la" kinatosha.

Maana hiyo lugha imeibeba yenyewe, bure kabisa, na sisi tunaitupa tunapokata maneno vibaya (rudi swali la 8) au tunaposafisha data kwa programu inayofuta viambishi ikidhani ni takataka. Nimeshaona hilo likifanyika, watu wanachukua mtiririko wa kusafisha wa Kiingereza wanaubandika kwenye Kiswahili, "li" na "a" zinaondoka, halafu wanashangaa modeli haitofautishi paa na paa. Kama utachukua kitu kimoja tu kwenye ukurasa huu chukua hiki: hakikisha viambishi vya upatanisho vinafika kwenye modeli vikiwa vizima.

Haiponyi kila kitu lakini. "Amepanda mti" inabaki na utata hata upatanisho ukiwa sahihi, kwa kuwa utata uko kwenye kitenzi.

11. Nahau je? Inatafsiri "kula kiapo" kama chakula.

Unazikamata kwa kuhesabu pia. Tuseme una maandishi ya maneno 1,000,000, "kata" na maumbo yake imetokea mara 500, "tamaa" mara 200. Kama yangekutana kwa bahati tu ungetegemea kuyaona pamoja mara 0.1, yaani hata mara moja haifiki. Ukiyakuta pamoja mara 60 hapo kuna kitu, yanashikamana mara 600 zaidi ya bahati. Kipimo hiki, ukikichukulia logi, kiliingizwa kwenye kazi za kamusi na Church na Hanks mwishoni mwa miaka ya 1980. Ukishayapata mashikamano hayo unayafunga kama kipande kimoja kabla ya kufundisha, au unahakikisha yapo ya kutosha kwenye data.

Angalizo: kipimo hiki kinayapendelea mno maneno adimu, weka kiwango cha chini, mfano lisilotokea mara 5 usilihesabu. Na kwa "piga" peke yake (simu, picha, pasi, mswaki, kura, hodi) jiandae na orodha ndefu.

12. Vekta za maneno ni nini kwa lugha rahisi?

Kila neno linapewa namba kadhaa, mia na zaidi kwa kawaida, zinazoelezea linakaa na akina nani. Maneno yenye majirani wanaofanana yanapata namba zinazokaribiana, kwa hiyo "daktari" na "muuguzi" vinakaa mtaa mmoja hata kama havijawahi kutokea kwenye sentensi moja. Wazo ni la tangu miaka ya 1950, wanaisimu Harris na Firth, ila 2013 programu ya word2vec ndo ililifanya liwe rahisi na la haraka kwa kila mtu.

Tatizo la vekta za aina hiyo ni kwamba "kaa" anapata vekta moja tu, mchanganyiko wa mnyama, moto na kukaa kitako. Modeli za kuanzia 2018 kama ELMo na BERT zinatoa vekta kulingana na sentensi neno lilipo, na hapo uchaguzi wa maana unafanyika humo humo ndani bila hatua ya pembeni.

13. Kuna ushahidi kwamba kuongeza maana kunaboresha tafsiri, au ni imani tu?

Hii historia inafundisha. Mwaka 2005 Carpuat na Wu walichukua mfumo mzuri wa kuchagua maana wakaupachika kwenye mashine ya takwimu, tafsiri haikupanda. Watu wengi wakasema basi, maana haina kazi. Miaka miwili baadaye, 2007, watafiti hao hao wakabadilisha swali: badala ya kutumia maana zilizoorodheshwa na kamusi wakazichukulia tafsiri zenyewe kuwa ndo maana, na wakafanya uchaguzi kwenye vipande vya maneno, si neno moja moja. Safari hii ikapanda.

Mimi nalisoma hivi. Kamusi inaweza kukugawia neno maana nane wakati lugha unayoenda inatumia maneno mawili tu, sita zote ni kelele. Gawanya maana pale tu lugha lengwa inapogawanya.

14. Kujua nani katenda nini kunahitajika kweli?

Kwa Kiswahili, sana. "Alimpiga" na "alimpigia" vinatofautiana herufi moja, ila kwa wa kwanza mtu kaumia na kwa wa pili mtu kapokea simu. Kauli za kutendea, kutendwa na kutendeshwa ndo zinazobeba majukumu ya washiriki. Kipande kikikatwa vibaya jukumu linageuka (swali la 8 tena).

## Modeli za neva

15. Siku hizi kila kitu ni mitandao ya neva, takwimu si zimeisha?

Hazijaisha, zimehamia ndani. Mtandao wa neva, yaani programu ya namba nyingi zilizounganishwa zinazorekebishwa kwa data, nao unajifunza uwezekano wa neno linalofuata kutokana na data, tofauti ni kwamba hauhifadhi jedwali la vipande unahifadhi vekta. Mwaka 2014 zilikuja modeli zinazosoma sentensi nzima ndo ziandike, mwaka huo huo Bahdanau na wenzake wakaongeza utaratibu wa kuangalia tena sehemu za sentensi asili wakati wa kuandika, 2016 Google wakaanza kuhamia huko, 2017 ikaja Transfoma, muundo wa mtandao wa neva ambao mpaka leo ndo msingi wa karibu kila kitu, pamoja na hizi modeli kubwa za lugha. Anayeelewa swali la 5 hapotei humu, ule utaratibu wa kuangalia sentensi asili ni ndugu wa karibu wa kulinganisha neno kwa neno.

16. Kwa nini modeli ya neva inaandika vizuri halafu inasema uongo?

Kwa sababu upande wa "watu wanaongea hivi?" umekuwa na nguvu sana na hauna tena mwenzake wa kujitegemea wa kuubishia kama kwenye swali la 6. Mashine ya zamani ikishindwa ilitoa kitu kilichovunjika, ulijua papo hapo. Ya neva ikishindwa inakupa sentensi safi isiyo na uhusiano na ya kwako, na hiyo ni hatari zaidi, hasa kwa maandishi ya afya na sheria. Koehn na Knowles mwaka 2017 waliorodhesha udhaifu huu pamoja na ule wa data kidogo, ambapo mfumo wa takwimu wa zamani uliushinda wa neva.

Unachoweza kufanya: tafsiri kwenda na kurudi ulinganishe maana, angalia namba, majina na ukanushi vyote vimefika, na tumia vekta za sentensi kuona kama pande mbili zinakaribiana. Ukanushi uuangalie peke yake kabisa, "hakuja" kugeuka "alikuja" ni kosa ambalo vipimo vingi halivishtui.

17. Kwa nini "yeye ni daktari" inatoka mwanaume na "yeye ni muuguzi" mwanamke?

Kiswahili hakijasema jinsia, Kiingereza kinailazimisha, kwa hiyo mashine inachagua iliyohesabiwa zaidi kwenye data na data imebeba mazoea ya walioiandika. Desemba 2018 Google walianza kuonyesha majibu yote mawili kwa baadhi ya lugha, Kituruki kwa mfano. Ndani ya maandishi marefu dawa bora ni kutafuta huyo "yeye" ni nani kwenye sentensi za nyuma, kwa hiyo usitafsiri sentensi moja moja kama una ukurasa mzima.

## Data na kupima

18. Nahitaji jozi ngapi za sentensi?

Hakuna namba moja. Ili upate picha, Transfoma ya kwanza ilifundishwa Kiingereza-Kijerumani kwa jozi kama milioni 4.5. Ukiwa na elfu kumi au ishirini usianze kutoka sifuri, chukua modeli ya lugha nyingi iliyokwisha kufundishwa uiendeleze kwa data yako. Moja ya hizo, NLLB ya 2022, ina lugha 200 na Kiswahili kimo.

19. Data ya Kiswahili natoa wapi, na niisafishe vipi?

Kwa maandishi ya lugha moja ipo Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, toleo la pili lina maneno kama milioni 25. Kwa jozi, SAWA ya 2009 ilikuwa kati ya kopasi sambamba za mwanzo za Kiingereza-Kiswahili, na jumuiya ya Masakhane imefanya kazi kubwa kwa lugha za Afrika. Jozi nyingi zinazopatikana ni za maandiko ya dini, tahadhari hapo, modeli itaongea kama mahubiri hata ukiipa maelekezo ya dawa.

Kulinganisha sentensi anza na njia ya Gale na Church ya 1991, inatumia urefu wa sentensi kwa herufi tu na inafanya kazi vizuri kuliko unavyodhani. Kisha futa zinazojirudia KABLA ya kutenga sentensi za majaribio, zile za kuipimia modeli. Mimi niliwahi kusahau, sentensi zile zile zikawa kwenye mafunzo na kwenye majaribio, alama zikatoka za ajabu na nikaamini kwa wiki nzima. Tenga kwa nyaraka nzima, usichanganye sentensi za waraka mmoja.

20. BLEU yangu imepanda, ina maana tafsiri imeboreka?

Si lazima. BLEU ni kipimo cha 2002 kinachoipa tafsiri alama kwa kompyuta, inahesabu vipande vya neno moja hadi manne vinavyofanana na tafsiri ya binadamu. Kwa Kiswahili inaumiza: binadamu kaandika "nilimwona", mashine ikaandika "nilimuona", kwa BLEU hilo ni kosa kamili. Tumia kipimo cha chrF cha 2015 kinacholinganisha herufi, hapo "nilimuona" inapata alama zake nyingi. COMET ya 2020 inatumia vekta kwa hiyo inajaribu kugusa maana. Seti ya majaribio ya FLORES ina sentensi 3,001 zilizotafsiriwa na wataalamu kwa lugha nyingi, nzuri kwa kulinganisha. Halafu keti usome sentensi mia kwa macho yako, ukiandika kila kosa ni la aina gani. Hakuna alama iliyonifundisha kama hiyo kazi.

21. Kutafsiri kinyume ili kuongeza data ni sawa?

Ndiyo, unachukua maandishi mazuri ya Kiswahili, mashine inayatafsiri kwenda Kiingereza, unapata jozi ambazo upande wa Kiswahili ni wa binadamu. Ubovu ukae upande wa chanzo, usiwe upande unaotaka modeli iuandike. Ukigeuza hivyo unaifundisha Kiswahili cha mashine.

## Kesi ngumu

22. "Saa mbili asubuhi" inatafsiriwa saa nane usiku. Nirekebishe wapi?

Mashine inaona "mbili", inaandika mbili, na matini sambamba zenyewe zina wafasiri waliobadilisha na wasiobadilisha kwa hiyo hesabu inavurugika. Hii usiiachie takwimu. Andika kanuni ndogo inayotambua "saa" pamoja na "asubuhi, mchana, jioni, usiku", ihamishe saa sita, na uikague data kwanza uondoe jozi zinazopingana. Mahali ambapo lugha ina kanuni isiyo na utata, kanuni ya mistari kumi ni bora kuliko jozi laki moja.

23. Watu wanaandika "cjui", "xaxa", wanachanganya lugha. Nifanyeje?

Usiyafute, ndo lugha wanayoitumia watumiaji wako. Tengeneza jedwali la kurudisha maumbo ya kawaida yanayojirudia na weka baadhi ya sentensi ghafi kwenye mafunzo. Kwa mchanganyiko kama "nimeshakudownload" vipande vidogo vya swali la 8 vinasaidia, maana viambishi vinabaki vya Kiswahili na mzizi tu ndo mgeni. Kuwa mwangalifu na programu za kutambua lugha, zikikuta sentensi mchanganyiko zinaitupa na unabaki na data ya magazeti tupu.

24. Lugha yangu ni ya Kibantu haina data kabisa, Kiswahili kinaweza kuivusha?

Kinaweza kwa kiasi. Ngeli na mpangilio wa viambishi vinafanana, kwa hiyo modeli iliyojifunza Kiswahili inaanza ikiwa mbele kuliko iliyojifunza Kifaransa. Fundisha zote pamoja, tumia vipande vya maneno vya pamoja, halafu malizia na jozi chache za lugha yako zilizoandikwa na wenye lugha. Maneno yanayofanana umbo lakini maana tofauti yatakusumbua, yaorodheshe mapema uyapime peke yake. Na toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, kama lugha yako inatofautisha maana kwa toni na haiandikwi, modeli haitaiona popote, hapo muktadha wa swali la 9 ndo umebaki peke yake.